Mwani Mkavu wa Ukutani

Ndugu zangu, kulikuwa na mwalimu mmoja wa chuo kikuu aliyefundisha elimu ya viumbe. Hakupenda kusomesha kwa ubao. Kila mwanafunzi alikuza mwani wake mwenyewe, vile vijimea vidogo vya majini, kwenye chupa, akaulea, akauchungulia kwa hadubini, mpaka akaujua kama mtu anavyowajua kuku wake.

Asubuhi moja, kipindi kikikaribia kuanza, binti mmoja akasimama mlangoni mwa maabara. Alikuwa kijijini akimuuguza mama yake. Wiki nyingi zilikuwa zimepita, na chupa yake ilishakauka.

"Shikamoo, Dokta. Naomba nianze upya."

"Marahaba. Wenzako wako mbali, binti. Huwezi tena kuwafikia. Rudi mwakani."

"Mwakani nyumbani hawataniruhusu, Dokta."

"Basi ndivyo ilivyo." Akafunga mlango.

Akaligeukia darasa. Akatoa gamba jeusi, kavu, alilolibandua kwenye ukuta wa nyuma ya jengo.

"Hiki ni nini?"

"Uchafu, Dokta."

"Kina uhai?"

"Hakina."

Akalimwagia maji kidogo, wakasubiri. Taratibu lile gamba likavimba, likalainika, likawa kijani. Wakalitazama kwa hadubini, wakaona chembe hai zimepangana kama shanga kwenye uzi.

"Huu ni mwani," mwalimu akasema. "Unaweza kukaa mkavu hivi miaka. Msikitupe kitu kwa sababu tu kime..."

Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemchoma. Akaliacha darasa, akatoka mbio na koti lake la maabara mpaka getini.

"Yule binti?" akamuuliza mlinzi.

"Ameshapanda basi, mzee. Na sanduku lake."

Mnataka kujua kama alirudi? Sijui. Ninachojua ni kwamba mwalimu yule alikuwa na subira ya kulingoja gamba la ukutani, lakini mtoto wa watu hakumpa hata nafasi ya kujieleza.

Na sisi je? Hakuna tuliyemwambia, "Wewe basi tena"? Binti aliyerudi nyumbani na mimba, kaka aliyelewa msibani akatuaibisha, shemeji ambaye hatumtaji tena mezani? Tulisema amekwisha. Nani alituambia amekwisha?

Usingoje Jumapili nyingine. Ukitoka hapa, kabla hujaketi kula, mpigie. Namba yake unayo.