Bi Shekue na Msamaha wa Mji

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, kama watu wanaoomba uji? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani, zamani za kale hasa, palikuwa na mji, na mji ule ulikuwa na Jumbe. Jina lake silitaji, asije akafurahi huko aliko. Jumbe yule alichukua mtama wa watu, mavuno kwa mavuno, akaujaza ghalani kwake, akawalisha askari wake. Askari wakanenepa. Watu wakakonda. Watu wakachoka. Wakapigana mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa tatu. Mwisho ghala likaungua, wuuu! Askari wakakosa chakula, wakatawanyika. Jumbe akakimbia na kiatu kimoja.

Mji ukawa huru. Lakini waliopigana walikuwa wamefanya mambo, na mambo yale yaliwaumiza watu. Huyu alichoma, yule aliua. Watu wakaanza kutazamana vibaya kisimani. Wakaona wakiendelea hivyo watamalizana wenyewe. Wakamwendea Bi Shekue.

Bi Shekue alikuwa bibi mfupi, msukaji wa mikeka, mkali wa ulimi. Mumewe na kaka zake wote walikufa katika vita vile, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia hajui uchungu. Akasema, "Aliyetenda ili kumwondoa Jumbe, aje barazani mchana, mbele ya yule aliyeumizwa naye, aseme yote. Akisema yote, mji hautamgusa. Atakachokificha hakimo katika msamaha."

Wakaja. Mkono wa Bi Shekue unasuka ukili, sikio lake linasikiliza. Mtu akimaliza, anamuuliza:

"Yamekwisha?"

"Yamekwisha, bibi."

Mmoja akasema alichukua mbuzi wa jirani kwa ajili ya ukombozi.

"Mbuzi huyo aliliwa na nani?"

"Na mimi... na shemeji."

"Wapiganaji walipata hata supu?"

"Hapana, bibi."

"Basi huo ni wizi. Mrudishie mwenzako mbuzi. Na asiwe kilema!"

Watu wakacheka. Nanyi chekeni, maana kicheko kinaishia hapo.

Siku ya nne akaja Chande. Chande ndiye aliyechoma ghala. Mji mzima ulimpenda, watoto walimwimbia. Mbele yake akaketi Mize, mjane wa Vuai. Vuai alikuwa mlinzi wa ghala, akaungulia ndani. Watu walimwita mbwa wa Jumbe. Hakuna aliyemwekea matanga. Mize alilia peke yake, mlango umefungwa.

Chande akasema, "Nilichoma ghala adhuhuri, askari wamelala kwa shibe. Sikujua kama mna mtu ndani."

"Yamekwisha?"

"Yamekwisha, bibi."

"Basi umesamehewa kuchoma ghala. Nenda."

Vigelegele! Chande akainuka. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili, akasimama. Alikuwa amesikia vizuri: kuchoma ghala. Vuai hakutajwa. Angeweza kwenda zake. Nani angemshtaki? Akarudi, akakaa.

"Bibi, hayajakwisha."

Mkono wa Bi Shekue ukatulia.

"Nilikuwa nimeegemeza gogo mlangoni, wasiwahi kuutoa mtama. Moto uliposhika paa nikasikia ngo! ngo! ngo! Vuai akauliza toka ndani, 'Nani huko nje?' Nikasema, 'Ni mimi, Chande.' Akasema, 'Nifungulie.' Niliogopa nikimfungulia atawaita askari. Walikuwa hatua ishirini tu, ukelele mmoja wangeamka. Hakuwaita, bibi. Aliniambia, 'Chande, basi kimbia wewe.' Nikakimbia. Ningeweza kufungua. Sikufungua."



Mize akauliza, "Alisema hivyo? Kimbia?"

"Ndivyo, dada."

Mize akalia. Akalia kwa sauti, mbele za watu, kwa mara ya kwanza. Watu wakatazama chini.

Bi Shekue akauliza, "Yamekwisha?"

"Sasa yamekwisha."

"Mji hautakugusa, Chande."

Mize akasimama. "Bibi, mimi sijamsamehe."

"Sikukuomba umsamehe, mwanangu. Mji umetoa ulicho nacho. Chako ni chako." Kisha akawageukia watu, macho makavu. "Na ninyi mliomwita Vuai mbwa, mbona mmenyamaza? Njooni mseme."

Wakaja. Mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, hata wale waliokuwa wakipiga vigelegele.

Kesho yake matanga ya Vuai yakawekwa, siku saba, mji mzima. Wengine walileta unga, wengine maji. Chande akaja na mzigo wa kuni kichwani, akasimama uani, hajui aende wapi. Wanawake wote wakamtazama Mize. Mize akanyoosha kidole penye mafiga.

"Weka pale," akamwambia.

Mwaka mzima hakumwambia neno jingine. Lakini kuni alizipokea.

Basi enyi wenzangu, anayetaka msamaha aseme yote, hata lile lisilo na shahidi. Na aliyeumizwa asiharakishwe, jamani, mwacheni achukue muda wake.

Hadithi yangu naitua hapa hapa. Anayeitaka na aibebe.