Kindi na Kipande Kilichohesabu Miguu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kama mnaosinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na kompyuta. Msiniulize walizitoa wapi. Walikuwa nazo, na walijua kuziandikia programu, mstari baada ya mstari, wakiziambia la kufanya. Mchwa walikuwa na programu ya kupanga zamu. Kanga alikuwa na programu ya kuhesabu mayai. Na kila aliyekwama na msimbo wake, yaani mistari hiyo ya programu, alikwenda kwa Kindi.

Kindi alikuwa mkusanyaji. Ndugu zake walikusanya karanga, yeye alikusanya vipande vya msimbo. Mistari michache tu kila kipande, lakini kila kipande na kazi yake. Alikiona kizuri kwa Sungura, akakiomba. Alikisikia kizuri ng'ambo ya mto, akakifuata. Alikuwa navyo mamia kwa mamia, na alipenda kuulizwa.

Ukimwendea, alitafuta, tak tak tak, vidole vikicheza, kisha akakupa. Hakuwa mchoyo wa vipande. Alikuwa mchoyo wa maelezo. Kila kipande kilikuja na maneno ya mwandishi wake juu yake: kinafanya nini, kinafaa wapi, kitakwama wapi. Maneno hayo Kindi aliyakata. Alisema moyoni kwamba wakijua kila kitu, hawatarudi. Ukimuuliza kipande kinafanyaje kazi, alikujibu maneno yale yale: "Nakili, bandika, endelea."

Na watu wa bondeni wakazoea. Nakili, bandika, endelea.

Siku moja akaja Nungunungu, mlinzi wa kivuko. Kivuko chenyewe kilikuwa chelezo, magogo yaliyofungwa kwa kamba, kikivusha wanyama wadogo wadogo. Nungunungu alitaka mashine imhesabie abiria, maana akihesabu mwenyewe anasahau katikati. Kindi akampa kipande kilichoandikwa na Swala wa ng'ambo. Kilihesabu nyayo zilizokanyaga ubao wa mlangoni. Nyayo nne, abiria mmoja. Juu yake Swala alikuwa ameandika: kwa wenye miguu minne tu, wengine kitawakosea. Kindi akayakata maneno hayo, kata!

Nungunungu akauliza kama kuna la kuangalia.

"Nakili, bandika, endelea," akasema Kindi.

Wakapita sungura, ti ti ti ti. Wakapita panya, ti ti ti ti. Chelezo kikijaa, mashine inalia poo, Nungunungu anafunga mlango. Kila mtu akamsifu Kindi. Kindi akatembea mkia juu.

Kisha mvua ikaja. Ikanyesha asubuhi, ikanyesha mchana, ikanyesha tena. Mto ukanguruma, ukapanda, ukaanza kula mashimo ya watu. Bonde zima likakimbilia kivukoni, kwani ng'ambo kulikuwa na mwinuko. Kindi akawatanguliza wanawe wawili kwenye chelezo, yeye akabaki kufunga mizigo yake juu ya mti.

Wakapanda sungura, ti ti ti ti. Wakapanda panya. Kisha ukoo mzima wa kanga, mama, mashangazi na vifaranga, ti ti, ti ti, ti ti. Mashine ikasema nafasi bado ipo. Mwisho akaja Chatu. Siku zote Chatu huogelea, lakini mto wa siku ile haukuwa wa kuogelea. Akawaambia panya wasijibane pembeni hivyo, alishakula juzi. Akapita juu ya ubao, taratibu, mrefu, mzito, srrrrr.

Mashine haikulia poo.

Nungunungu akaitazama. Nafasi bado ipo, ikasema. Akashika kamba ili aifungue.

Kule juu Kindi akageuka. Akaona magogo hayaonekani tena. Akaona maji yamefika kwenye vidole vya wanawe.

"Nungunungu, usifungue."

"Dada, mashine ni yako mwenyewe. Nakili, bandika, endelea. Au leo umebadilisha wimbo?"

Kanga wakacheka. Kindi akashuka mbio, puru puru puru, mizigo akaiacha. Angeweza kusema mashine imelowa. Angeweza kumsingizia Swala, ambaye hayupo. Lakini maji yalikuwa kwenye vidole vya wanawe.

"Kipande kile kilikuwa na maneno juu yake," akasema. "Nimeyakata mimi. Kinajua miguu minne tu."

Mama Kanga akajitazama miguu. Akauliza kama ina maana yeye na dada yake ni abiria mmoja. Kindi akaitikia.

"Na mimi je?" akauliza Chatu.

"Wewe hujapanda kabisa."

"Basi ngoja nishuke, mimi ambaye sijapanda."

Akashuka, srrrrr. Wakashuka kanga nusu. Chelezo kikainuka, magogo yakaonekana, na maji yakaondoka kwenye vidole vya watoto. Hapo ndipo Kindi alipopumua.

Lakini mto ulikuwa unapanda, na mashine bado ilikuwa inahesabu miguu. Kindi alikumbuka anacho kipande cha kupima kina cha maji. Kwamba anacho, ana hakika. Kipi kati ya mamia? Hajui. Vyote vilikuwa vimekatwa vichwa, yale maneno ya juu. Akaona kwamba alikuwa amejifichia hata yeye mwenyewe. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akauliza. Akapaza sauti, nani aliandika kipande cha kupima maji?

Majini kikatoka kichwa kipana, pua zikapuliza, fuuu.

"Mimi," akasema Kiboko. "Nilikuandikia na maelezo marefu. Hukuyasoma?"

Akamweleza mistari inavyoanza. Kindi akapanda mbio mtini kwenye kompyuta yake, akakipata, wakakibandika kwenye mashine ya kivuko. Nungunungu akachora alama kwenye gogo. Kanga mmoja akaona kosa katika mstari wa tatu, akalisema, wakalirekebisha. Sasa mashine haikuuliza una miguu mingapi. Iliuliza maji yamefika wapi. Yakifika kwenye alama, poo. Chelezo kikaenda, kikarudi, kikaenda, kikarudi, hadi bonde zima likavuka. Chatu alivuka peke yake, na mashine ikamlilia poo kwa heshima zote.

Maji yalipopungua, Kindi aliweka vipande vyake vyote kivukoni, wazi, kwa yeyote. Kwa kila mwandishi alikwenda mwenyewe, akaomba maneno aliyoyakata, akayarudisha. Anayechukua alitakiwa kuongeza alichojifunza. Mkusanyo ukanenepa. Na wimbo wake ukabadilika: soma, nakili, jaribu, ongeza. Watu walirudi kwake zaidi kuliko zamani, wakija na vyao.

Siku moja akakifungua kile cha Swala. Maneno ya zamani yalikuwepo, kwa wenye miguu minne tu. Chini yake palikuwa na mstari mpya, umeandikwa polepole na mtu asiye na vidole:

"Ni kweli. Nimekijaribu. Chatu."

Ndugu zangu wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: ukimpa mwenzako kitu cha manufaa, mpe na maarifa ya kukitumia, na ukipewa, kielewe kabla hujakitegemea.

Na hapa ndipo hadithi yangu imeishia. Uliyeipenda ichukue, lakini usiikate kichwa.