Sungura Aliyebeba Goti la Bibi Haykanush

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa nini?
—Pakawa mdomo mtamu na tumbo tupu!

Haya, sogeeni. Wewe uliyenyoosha miguu, ikunje, nisije nikaikanyaga nikinogewa.

Hapo kale, Sungura huyuhuyu wetu alizurura hadi milima ya Armenia. Msiniulize alipitia wapi. Njaa ilimwonyesha njia.

Akakuta watu wa huko wana neno lao. Sisi mtu akiumwa twamwambia pole. Mwingereza husema sori, akaendelea na chai yake. Na hiyo sori nayo zamani ilizaliwa na neno la maumivu, ila imesahau kwao. Mwarmenia yeye husema, "Tsavt tanem!" Tsav ni maumivu, tanem ni nichukue. Yaani, maumivu yako nipe mimi niyabebe. Mgonjwa akiambiwa hivyo hulainika moyo, akakukaribisha chakula.

Sungura akacheka mpaka masikio yakagongana. "Kumbe neno tu! Neno lina uzito gani?"

Akaenda kwa Mzee Garegin, anaumwa jino. "Tsavt tanem, mzee wangu!" Akapewa jibini. Akala, akaondoka.

Akaenda kwa mama mfuma mazulia, anaumwa mgongo. "Tsavt tanem, mama!" Akapewa zabibu. Akala, akaondoka.

Akaenda kwa Bibi Haykanush, anaoka mikate kwenye tanuri lililochimbwa sakafuni. Goti lake lilikuwa linamuuma mwaka wa tisa. Kesho yake mjukuu wake Nazeli anaolewa, na bibi ameapa atacheza kwenye harusi hiyo hata kwa kutambaa.

"Tsavt tanem, bibi yangu!" akasema Sungura, macho kwenye mkate.

Hapo, wanangu, sauti ikatoka gotini.

"Nani?"

"Nani nini?" Sungura akashtuka.

"Nani amesema atanichukua?" Alikuwa Maumivu mwenyewe. "Kwa Garegin umesema, nikanyamaza. Kwa mfuma mazulia umesema, nikanyamaza. Hii ya tatu. Twende!"

"Mimi nilikuwa natania!"

"Utani mimi siujui."

Akaruka, puu! Akamkaa Sungura gotini. Sungura akapiga yowe, akazunguka, akaanguka. Bibi akainuka. Akapiga hatua moja. Mbili. Ya tatu akakatika kiuno, machozi ya furaha yakimtiririka.

Kisha akamwona Sungura anagaagaa chini. Akasahau ngoma, akasahau na harusi. Akainama. "Mjukuu wangu we, tsavt..."

Sungura akamtazama usoni, akajua huyu hatanii. Akilimaliza neno lile, Maumivu atarudi kwake. Akaona aibu, ya kwanza maishani mwake.

"Usilimalize, bibi!" Akaunyakua mkate alioutamani, akamziba nao mdomo. "Tafuna! Kesho kacheze!"

Na bibi alicheza, mpaka wapiga ngoma wakaomba maji. Sungura alitazama kutoka mlangoni, goti likimpwita, anapiga makofi.

Ndiyo maana hata leo hatembei, huruka tu. Ukimuuliza, atakwambia ni mazoezi.

Basi wanangu, ukimwambia mtu utambebea, uwe umeshakunja mikono ya kanzu.

Huko Armenia hadithi ikiisha, husemwa matufaha matatu yameanguka kutoka mbinguni. Moja la msimulizi, nimekula. Moja la Sungura, kala. La kwenu liko mdomoni mwangu, ndiyo maana naishia hapa.