Sahani Tupu ya Bi Mashavu

Paukwa!
Pakawa!
Hiyo pakawa ya nani, ya mgonjwa? Paukwa!
Pakawa!
Haya. Mwenye kikohozi akohoe sasa. Hadithi hii ina pilipili ndani, na mimi sirudii maneno.

Zamani, zamani sana, babu yangu hajajifunza hata kudanganya, palikuwa na kijiji. Mwaka mmoja kila mtu kijijini akapanda pilipili. Kwa nini? Kwa sababu jirani kapanda. Mvua ikaja, jua likaja, pilipili zikazaa. Zikazaa, zikazaa, zikazaa mpaka matawi yakalala chini. Vikapu vikajaa. Uvungu wa vitanda ukajaa. Mtoto akipangusa macho, analia. Mbuzi akipita, chya! anapiga chafya.

Kuzitupa, aibu. Wakaanza kugawiana.

Na kijiji hicho kilikuwa na desturi: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa kitu, unairudisha na kitu. Anayerudisha sahani tupu anatengwa. Hachotewi maji, hapewi kaa la moto, hodi yake haiitikiwi.

Basi sahani ya pilipili inakwenda. "Asante, jirani, umenifaa!" Kesho yake sahani inarudi. Ina nini? Pilipili. Nenda, rudi. Nenda, rudi. Kijiji kizima kinashukuru, hakuna anayekula. Wanafiki wakubwa!

Sasa hapo alikuwepo bibi mmoja, Bi Mashavu, mpishi wa shughuli zote. Magoti yamekufa, ulimi mzima. Aliishi peke yake, na kisima kiko bondeni. Maji alichotewa na majirani. Wasipomchotea, basi tena.

Siku moja Bi Mashavu akachukua pilipili, akaifunga uzi mweusi kwenye kikonyo. Akaitia katika sahani pamoja na nyingine, akampa jirani yake Siwema.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tano, hodi! Sahani nyingine, imefunikwa kawa, imetoka kwa Jumbe Mfaume, mkuu wa kijiji. Bi Mashavu akafunua. Pilipili! Na juu kabisa, ile yenye uzi, imesinyaa kama sikio la kikongwe.

"Mwenzangu umetembea kuliko mimi," akaiambia. Akazimwaga nyingine zote, akapangusa sahani, akairudisha tupu.

Tupu! Ngoma ikalia: ndi, ndi, ndi! Watu wakafurika barazani kwa Jumbe.

"Bi Mashavu, umenirudishia sahani tupu?"

"Nimekurudishia."

"Adhabu yake unaijua?"

"Naijua. Nitakufa kwa kiu. Lakini nikuulize, mwanangu. Juzi Siwema alikuletea pilipili?"

"Aliniletea."

"Ukazila?"

Jumbe akatazama watu, akajishika tumbo. "Zote! Tamu kweli kweli!"

Bi Mashavu akafungua pindo la kanga, akatoa pilipili yenye uzi.

"Hii niliifunga mimi, nikampa Siwema. Siwema, uliipeleka wapi?"

Siwema akatazama vidole vya miguu. "Kwa Jumbe, bibi."

"Na Jumbe kaniletea mimi. Haya, Mfaume, kama ni tamu, uile hapa tukuone."

"Bi Mashavu! Mimi ni Jumbe!"

"Na mimi nilikuosha makalio kwa mkono huu. Tafuna!"

Akatafuna. Kru, kru. Macho yakamtoka, kamasi zikashuka, kilemba kikaanguka. Huyoo! Pu, pu, pu, mbio mpaka mtungini, kichwa ndani: bwi!

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha Siwema akasema, "Hata mimi sikula."

"Wala mimi."

"Wala sisi!"

"Mngesema mapema tungekuwa tumeshapika," Bi Mashavu akasema. "Leteni zote."

Zikaja. Nyingine zikaanikwa juu ya mikeka. Nyingine zikatwangwa kwa kitunguu saumu na ukwaju: twa, twa, twa! Nyingine zikatiwa mitungini, ndimu na chumvi, ziwe achari, zikakaa juani siku saba. Jiko zima linakohoa. Na safari hii hakuna aliyesema umenifaa.

"Bibi, chumvi imezidi."

"Ongeza ndimu, mjinga wewe!"

Siku ya nane Jumbe, midomo bado imevimba, akampelekea Bi Mashavu sahani ya muhogo na achari ile. Jioni sahani ikarudi. Jumbe akafunua kawa.

Tupu. Imerambwa mpaka inang'aa.

Jumbe akaigeuza huku na huku, akacheka peke yake. Kesho yake alfajiri akashuka bondeni mwenyewe, na mtungi wa Bi Mashavu ukajaa mpaka ukamwagika.

Mmesikia, nyie mnaosukumiana msichokitaka mkakiita wema? Hutaki, sema hutaki. Unataka, kula umalize.

Hadithi yangu imekwisha, chombo changu kitupu. Na anayetaka kunishukuru, asiniletee pilipili.