Fomu ya Mama Sihaba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanafua na kugombea uongozi kama sisi, aliishi Digidigi mmoja mdogo, mdogo hasa, akisimama kwenye nyasi unaona masikio tu. Aliitwa Mama Sihaba kwa sababu mwanawe wa pekee aliitwa Sihaba. Mumewe alitoka asubuhi moja kutafuta majani, akakutana na Chui njiani, na habari yake ikaishia hapo.

Basi mwaka huo Mzee Tembo, rais wa nyika na mwenyekiti wa Chama cha Malisho, akatangaza kwamba amechoka, anataka kupumzika, chama kichague rais mwingine kwenye mkutano mkuu. Nyika ikachemka. Fisi akautaka urais. Chui akautaka zaidi.

Siku ya Jumatano Mama Sihaba alikuwa anaosha vyungu, akasikia nyuma yake hrrrm, hrrrm.

"Hodi hapa," Chui akasema, naye ameshaingia.

"Ka... karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Anakula?"

"Ananyonya tu, bado mdogo, hata majani hajayajua."

"Mnyonyeshe vizuri. Jumamosi natangaza nia ya kugombea. Nitakuwa na wageni kutoka kila kona, na mgombea hawezi kuwalisha wageni maneno matupu. Nitapita asubuhi na kapu."

Akamgusa Sihaba shavuni kwa kucha moja, taratibu, kama mtu anayebonyeza papai sokoni, kisha akaondoka.

Mama Sihaba alisimama na chungu mkononi mpaka maji yote yakamwagika. Halafu akambeba mwanawe, digi-digi-digi-digi, mbio mpaka kwa jirani yake Kanga.

"Bi Kanga, Bi Kanga, amesema Jumamosi, amesema anakuja na kapu, mtoto hata jino hana, nihamie wapi, nikikimbia atanikuta, nikibaki atanikuta, niambie nifanye nini na tafadhali usiniambie nitulie."

"Sikwambii utulie," Kanga akasema. "Nipe mtoto."

Akamfunika Sihaba kwa bawa lake, pamoja na vifaranga wake kumi na mmoja, ukaona kichwa kimoja tu chenye masikio marefu kati ya vile vingine.

"Sasa nenda ofisi ya chama," akasema. "Kashitaki."

Mama Sihaba akaenda, digi-digi-digi. Ofisini alimkuta karani wa chama, Bi Kobe, ambaye alikuwa karani tangu Mzee Tembo alipokuwa hana pembe.

"Malalamiko juu ya wagombea husikilizwa baada ya uchaguzi," Bi Kobe akasema.

"Baada ya uchaguzi mwanangu atakuwa supu, Bi Kobe. Supu. Wageni wa Chui watakuwa wameshaoga na kulala."

Bi Kobe akafikiri, na kobe akifikiri unaweza kwenda kisimani ukarudi. Kisha akavuta mtoto wa meza.

"Fomu zinatolewa leo."

"Fomu gani?"

"Za kuomba kugombea urais. Kanuni ya nne. Aliyechukua fomu haguswi, yeye na nyumba yake, mpaka siku ya mkutano mkuu."

"Mimi niwe rais? Bi Kobe, mimi nikipiga chafya naanguka."

"Sijasema uwe rais. Nimesema uchukue fomu."

Fomu yenyewe ilikuwa jani pana la mgomba, kavu, limeandikwa pande zote mbili. Mbele palikuwa na nafasi ya jina, na chini nafasi ya wadhamini wawili kuweka nyayo zao. Wagombea wote husoma upande wa mbele na safari yao huishia hapo. Lakini Mama Sihaba alikuwa amesoma sekondari kabla ya kuolewa, na isitoshe alikuwa na hofu, na mwenye hofu husoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Akageuza jani. Akasoma mara moja. Akasoma tena, polepole.

"Bi Kobe, haya ya nyuma bado yanatumika?"

"Hayajafutwa. Zamani mgombea alikuwa akishindwa tu, wadhamini wake wanamla palepale uwanjani. Ikabidi yaandikwe."

"Na Chui anayajua?"

"Chui," Bi Kobe akasema akitafuta kalamu yake, "hajawahi kugeuza jani."

Siku ya pili Mama Sihaba akaenda kwa Fisi. Miguu yake yote minne ilikuwa inataka kurudi nyumbani, akailazimisha.

Fisi alipoisikia shida yake akacheka mpaka akalala chali, kwi, kwi, kwi. "Wewe! Urais! Nikudhamini wewe?"

"Nisikilize kwanza, kaka, nasema haraka kwa sababu naogopa. Wadogo wote wa nyika hii watampigia kura Chui, hawampendi, wanamwogopa tu. Nikisimama mimi watanipigia mimi, mdogo mwenzao. Za Chui zitapungua, zako zitabaki palepale. Ni hayo tu, nimemaliza."

Fisi akaacha kucheka. Akafikiri, akajikuna, akafikiri tena.

"Lete jani."

"Kuna kanuni nyuma, nikusomee?"

"Kanuni ni za wanaoshindwa, dada." Akachovya unyayo kwenye tope jekundu, paa, akaugandamiza.

Jumamosi ikafika. Jua halijapanda vizuri, Chui huyo, amechana masharubu, kapu begani.

"Hodi hapa. Yuko wapi?"

Sihaba alikuwa amelala ndani. Mama yake alisimama mlangoni, na mlango ulikuwa mkubwa kuliko yeye, yaani Chui angeweza kupita juu yake asimguse. Akanyoosha lile jani mbele ya pua ya Chui.

"Nimechukua fomu, mzee. Kanuni ya nne. Siguswi mimi wala nyumba yangu mpaka mkutano mkuu."

Chui akalitazama jani muda mrefu. Alilishika juu chini, na Mama Sihaba akaliona hilo.

"Umechukua fomu," Chui akasema polepole. "Vizuri. Mkutano mkuu ni Jumanne. Na Jumatano ni siku gani?"

"Ni... ni siku inayofuata, mzee."

"Nitakuja siku hiyo inayofuata. Wewe endelea kumnyonyesha."

Akageuka. Na hapo, wanangu, angeweza kumwacha aende zake, apate siku tatu za kuishi na kulia. Lakini akamwita.

"Mzee, subiri, kuna neno. Unaona unyayo huu? Ni wa Fisi. Fisi amenidhamini."

Chui akarudi kwa hatua moja tu, puu. "Fisi? Kwa nini?"

"Ili nikunyang'anye kura za wadogo. Mimi sitaki urais, mzee, mimi nina mtoto mchanga, silali, hata nguo sijaanua tangu juzi. Nidhamini na wewe. Jumanne, mbele ya mkutano wote, nitajitoa na kusema wote walio nyuma yangu wakupe wewe. Watasema, tazama Chui, amemdhamini hata mpinzani wake, moyo gani huo. Fisi atabaki na mdomo wazi."

Chui akatabasamu, meno yote nje. Alimwona Fisi na mdomo wazi. Alimwona pia Sihaba, amenenepa kidogo, kwenye sinia ya sherehe ya ushindi, maana ya nini kumla mtu kwenye kutangaza nia wakati unaweza kumla ukiwa umeshapata?

"Weka hapa chini," akasema.

"Kuna maandishi nyuma, mzee. Ni kanuni. Nikusomee?"

Masikio ya Chui yakalala. Watoto wa Kanga walikuwa wamejipanga kwenye ua, wanatazama, na nyani wawili walikuwa juu ya mti.

"Nisomewe mimi? Unadhani mimi sijui kusoma?"

"Sijasema hivyo, mzee. Nilitaka tu usije ukaniambia sikukueleza."

"Kanuni hizo nazijua tangu kabla hujazaliwa. Lete tope."

Paa. Unyayo mkubwa, mzuri, vidole vyote vinaonekana. Chui akachukua kapu lake tupu, na siku hiyo wageni wake waliotoka kila kona wakanywa uji.

Jumanne uwanja ukajaa. Mzee Tembo akakaa mbele, Bi Kobe pembeni yake na mzigo mkubwa umefungwa juu ya gamba, umefunikwa kwa kitambaa. Fisi akahutubia, wakampigia makofi kidogo. Chui akahutubia, wakapiga makofi mengi, maana alikuwa anaangalia nani hapigi. Kisha akaitwa Mama Sihaba. Akapanda juu ya kichuguu ili aonekane, na mwanawe mgongoni.

"Ndugu wajumbe, mimi sijui kuhutubia, nitasema upesi. Najitoa. Walio nyuma yangu wampe Bwana Chui."

Fisi akabaki mdomo wazi, kama ilivyoahidiwa.

"Ila nimefundishwa kushukuru, siwezi kushuka kabla sijashukuru. Namshukuru Bi Kanga aliyenifichia mtoto kati ya wanawe. Na nawashukuru wadhamini wangu wawili kwa ahadi waliyoniwekea. Namwomba karani aisome fomu yangu, pande zote mbili, ili mkutano wote ujue wema wao."

Bi Kobe akasoma upande wa mbele. Akapumzika. Akageuza jani, na uwanja mzima ukasikia likikwaruza, kwaru.

"Mdhamini hatamla aliyemdhamini, wala yeyote wa nyumba yake, akishinda au akishindwa, maisha yao yote. Atakayevunja ahadi hii hatakunywa tena kwenye kisima cha chama."

Nyika nzima ilikuwa na kisima kimoja tu, na aliyekilinda ni Mzee Tembo.

Mzee Tembo akamgeukia Chui. "Huu ni unyayo wako?"

Mkia wa Chui ulikuwa unapiga chini, tap, tap, tap. Aseme si wake, na nyani wawili walimwona? Aseme hakujua kilichoandikwa, mbele ya nyika nzima, yeye anayeomba urais?

"Ni wangu," akasema.

"Na ulisoma?"

"Nilisoma. Nilisoma vizuri sana. Ndivyo mimi nilivyo, nawajali wadogo."

Wanangu, hayo makofi yaliyopigwa hapo, vumbi lilipanda mpaka Mzee Tembo akakohoa. Na kabla halijatulia, Kanga akasimama.

"Mzee mwenyekiti, mwisho wa kuchukua fomu ni lini?"

"Leo. Jua likizama."

"Basi na mimi naomba fomu. Na kwa kuwa Bwana Chui anawajali wadogo, namwomba anidhamini."

Bi Kobe akafunua ule mzigo uliokuwa juu ya gamba lake. Fomu tupu, zimepangwa, mia na zaidi. Sijui alijuaje.

Chui angekataaje? Paa. Kanga akasema, "Asante, mzee, najitoa, nakupa wewe." Nyuma yake amesimama Sungura. Paa. "Asante, mzee, najitoa." Akaja Swala na mama yake, paa. Akaja Pimbi na ukoo wake, paa. Fisi alitaka kupenya pembeni, Mzee Tembo akamvuta kwa mkonga akamrudisha, maana kila fomu inataka wadhamini wawili. Foleni ikazunguka uwanja mara mbili. Tope likaisha likaletwa jingine. Na kila mmoja alipopita alisema asante, kwa adabu, kwa moyo wake wote, mpaka Chui akawa anatetemeka kila akilisikia neno hilo.

Jua lilipozama kura zikapigwa. Fisi alipata moja, na tunajua ni ya nani. Nyingine zote zikaenda kwa Chui.

Akasimama juu ya kichuguu kuwatazama watu wake. Walikuwa wengi, wamenona, wanamshangilia, na hapakuwa na hata mmoja ambaye yeye angeweza kumtia mdomoni. Pale mbele Sihaba alikuwa ameshuka mgongoni kwa mama yake, amekaa karibu kabisa na mguu wa rais, anauchezea ule mkia wenye madoadoa.

"Karibu chakula, mheshimiwa," Kanga akasema. "Kuna uji."

Usiku huo Mama Sihaba akapita ofisini. Alikuwa na mzigo wa majani mabichi kichwani, ya kumpa Bi Kobe, na maneno mengi ya shukrani aliyoyapanga njia nzima, lakini alipofika yote yalimtoka, akasema tu, "Bi Kobe. Mtoto amelala."

"Vizuri," Bi Kobe akasema, akaanza kula majani. "Na wewe kalale."

Akaenda, akalala, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile, na mlango aliuacha wazi.

Hadithi yangu imefika kitandani, nayo inasema hivi: kabla hujaweka unyayo wako, geuza jani usome na nyuma, na kama hujui kusoma, usione haya kusomewa.