Gari Jekundu la Roble

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Watu huitamka methali hii kwa wepesi wanapomwona mtoto akinyweshwa dawa chungu, kana kwamba wahenga walikuwa wakizungumzia machozi ya dakika mbili. Mutegi, dereva wa lori mjini Meru, aliijua kwa uzito mwingine. Mwaka wa 1955, Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni ilipokuwa imewakaba koo watu wa Mlima Kenya, aliiona methali hii ikitimia mbele ya macho yake, na ghadhabu iliyomshika siku hiyo haikumtoka hadi nywele zake zilipogeuka mvi.

Mutegi alikuwa mtu wa makamo, mtulivu kama maji ya mtungini. Alijifunza udereva jeshini, huko Uhabeshi, na tangu arudi kutoka vitani aliendesha lori la tajiri wake, Msomali aliyeitwa Warsame, akisafirisha viazi na ngano kati ya Meru na Nanyuki. Kwa kuwa alikuwa Mmeru, hakuruhusiwa kutoka mjini bila karatasi tatu: leseni, pasi ya kusafiria na barua ya tajiri. Penye kila kizuizi alisimama, akashuka, akainua mikono, akapekuliwa na vijana wa rika la wanawe. Hakunung'unika. Aliwajua walionung'unika, na aliwajua wake zao waliokuwa wakiwatafuta hadi leo.

Warsame mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Mfanyakazi wake alipougua, maziwa ya ngamia yalifika nyumbani kwake kabla ya daktari. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, nao ni Roble, mwanawe wa miaka kumi na saba. Warsame na mkewe Hinda walikuwa wamezika watoto watatu kabla yake, kwa hiyo huyu aliyesalia alilelewa kama yai. Alipotaka, alipata. Alipokosa, alilia, kisha akapata.

Mwaka huo setla mmoja, mkulima Mzungu wa Timau, alichoshwa na vita, akaamua kurudi Uingereza na kuuza gari lake la mashindano. Lilikuwa gari jekundu, fupi, la viti viwili, lenye injini iliyonguruma hata likiwa limesimama. Roble alipoliona, akili ilimruka. Babake alipokataa kulinunua, kijana alijifungia chumbani, akasusa chakula kwa siku tatu, na kilio chake kikasikika hadi uani, mafundi walipokuwa wakitengeneza malori.

Siku ya tatu Warsame alimwomba Mutegi ushauri. Mutegi hakumung'unya maneno. Alimweleza kwamba barabara ilikuwa ya udongo na kona tupu, kwamba Roble hakuwa hata na leseni, na kwamba gari lile lingemshinda nguvu dereva aliyekomaa, sembuse kijana ambaye ndevu hazijaota. Hinda naye alimsihi mumewe angoje. Alisema kilio cha mtoto ni moto wa mabua: huwaka kwa kishindo, kisha huzimika wenyewe. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

“Roble si mtoto tena,” Warsame aliwajibu. “Ni mwanamume. Nami siwezi kumsikiliza akilia usiku mwingine.”

Basi gari likaja. Roble alilipeleka Nanyuki na kulirudisha, bila mzigo wala safari ya maana, ili watu waone vumbi lake. Askari wa vizuizini walilipenda; walipolisikia kwa mbali waliinua boriti mapema ili lisipunguze mwendo. Siku moja Mutegi alikuwa amesimama kando ya lori, mikono juu, huku askari akizikagua karatasi zake tatu kwa mara ya pili, Roble alipopita kama mshale akimpungia mkono. Hakuna aliyemwuliza hata karatasi moja. Mutegi aliyameza maneno yaliyomjia, akangoja karatasi zake.

Alhamisi moja asubuhi, wanawake wa kijiji kimoja karibu na Kiirua walitolewa ndani ya uzio wa seng'enge ambamo serikali ilikuwa imewafungia, kwenda kufanya kazi ya lazima, kumwaga kokoto barabarani. Miongoni mwao alikuwamo Karambu, ambaye mumewe alikuwa amefungwa kambini bila kesi, mwaka wa pili. Alikuwa amemwachia mama mkwe mtoto wake anayenyonya, kwa maana mlinzi alikataa katakata mtoto aletwe kazini. Roble alitokea upande wa Nanyuki. Wanawake walimsikia, wakakimbilia kando. Gari lilipokanyaga kokoto mpya liliteleza, likamfagia Karambu, likamtupa mtaroni. Kisha likajinyoosha na kuendelea na safari. Halikusimama.

Mutegi alifika na lori nusu saa baadaye. Alichokikuta kilimganda moyoni. Karambu alikuwa amelala mtaroni, nguo zimeloa damu, na wenzake walikuwa wakichota kokoto huku wakilia kimyakimya, kwa sababu homugadi, yule mlinzi mwenyeji wa serikali aliyewasimamia, alikuwa ameamuru kazi iendelee. Mwanamke mmoja aliyeitwa Beth alimnong'oneza Mutegi kwamba lilikuwa gari jekundu. Mutegi hakumwomba homugadi ruhusa. Alimwinua Karambu kwa msaada wa Beth, wakamlaza juu ya magunia kando ya usukani, akaondoa lori polepole.

Kabla hawajafika Meru, Karambu alifumbua macho.

“Mtoto wangu hajanyonya tangu alfajiri,” alisema.

Hakusema jingine. Walipofika hospitalini, alikuwa amekwisha kukata roho.

Mutegi alipoingia uani kwa Warsame, shati lake lilikuwa bado na damu. Gari jekundu lilikuwa limefichwa nyuma ya malori, taa moja imevunjika. Ndani ya nyumba Roble alikuwa akilia. Warsame alimvuta Mutegi kando, akazungumza kwa sauti ya chini, bila kumtazama usoni. Alimwambia kwamba dereva kupata ajali si ajabu, kwamba polisi wangemwelewa mtu mwenye leseni, na kwamba angewatunza watoto wa Mutegi kama wake hadi atakapotoka jela. Alichotakiwa Mutegi ni kukiri tu kwamba ndiye aliyekuwa akiliendesha gari lile.

“Roble ni mtoto, Mutegi,” alimaliza. “Ni mtoto tu.”

Hapo ghadhabu ilimshika Mutegi. Maneno aliyoyameza miaka mitatu penye vizuizi yalimtoka.

“Ulipomnunulia gari alikuwa mwanamume,” alisema. “Leo ameua, amekuwa mtoto? Tajiri, nimekula chumvi yako, lakini damu ya yule mama siwezi kuila. Hata mtoto wake ni mtoto.”

Aliziweka funguo za lori mezani, akatoka, akaenda kituoni kwa miguu kueleza aliyoyaona. Alijua vyema kwamba Mmeru asiye na kazi hana pasi, na asiye na pasi hana pa kukanyaga. Alikwenda hivyo hivyo.

Yaliyofuata alisimuliwa na Hinda. Mama yule alimshika mwanawe mkono, akasema watakwenda kituoni wote watatu, pamoja na babake, wakiri mapema. Roble aliposikia neno kituo alijitupa chini, akalia na kulia, akimng'ang'ania babake miguu. Warsame hakuweza kustahimili. Kwa mkono wake mwenyewe alimpa ufunguo wa gari jekundu na kumwambia akimbilie kwa ami yake Isiolo. Hinda alisimama mlangoni, mumewe akamwondoa.

Kwenye mteremko wa kuelekea Isiolo kulikuwa na kizuizi kipya cha wanajeshi wasiomjua Roble wala gari lake. Walimpungia bendera asimame. Gari lilikuwa katika mwendo ambao mikono yake haikuumudu. Aliposhika breki liliyumba, likazidi kuwaendea. Nao hawakungoja. Walifyatua risasi.

Roble hakufa. Risasi ilimwingia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo hakuinuka kitandani. Jumapili Mutegi alikwenda hospitalini, si kwa Roble, bali kumsindikiza mama mkwe wa Karambu kuuchukua mwili. Bikizee yule alikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa akilia njaa. Hakuna ofisa aliyekuja. Hakuna aliyemwita Mutegi kutoa ushahidi, wala aliyemwambia bikizee pole.

Walipopita kando ya dirisha la wodi, Mutegi aliona ndani. Roble alikuwa amelala macho wazi, akiitazama dari, hana tena machozi. Kando yake Warsame alikuwa amepiga magoti sakafuni, kilemba kimemwanguka, akilia kwa sauti kama mtoto mdogo, na hapakuwa na mtu wa kumpa kitu cha kumnyamazisha. Mutegi alitaka kumhurumia. Lakini mtoto wa Karambu alilia tena, na huruma ikamtoka.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, na kabla hajalia, huwaliza wasio na hatia.