Siku Majeruhi Walipoamriwa Mguu Sawa

Kovu halina dalali. Jana mlimsikia fundi cherehani akimtupia maneno hayo yule mtu wa fomu aliyekuwa akizunguka sokoni akitaka alipwe ili awasemee watu. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Hayakuokotwa njiani. Yana mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Pale mjini Ihemba aliishi Sajini mstaafu Lusungu Kikoti. Alikwenda vita vya mpakani akiwa na masikio mawili, akarudi na moja. Kombora lilipasuka kando yake, na tangu siku hiyo sikio la kulia likafa. Ukitaka akusikie, ulikaa kushoto kwake. Hakulalamika, ila jambo moja lilimkera: watu walidhani ana kiburi, kumbe yeye hakuwasikia.

Mwaka mmoja lilitoka tangazo kwamba majeruhi wa vita wote watapimwa na kupewa mafao yao. Kabla wino wa tangazo haujakauka, akaingia mjini Bwana Erasto Kibasa, viatu vinang'aa, akafungua ofisi ya kampuni aliyoiita Nuru ya Mashujaa.

"Wazee wangu," aliwaambia, "dirisha la serikali halimpokei mtu asiye na wakala. Nipeni vijitabu vyenu vya jeshi, mtie dole gumba hapa. Mafao yakitoka, nusu yangu, nusu yenu. Na mbele ya daktari, mdomo wangu ndio utakaosema."

Sajini Kikoti akamweleza habari za sikio lake. Kibasa akacheka.

"Sikio halina soko, mzee. Mguu ndio unaolipa. Wewe chechemea."

Na Kikoti akatia dole. Msimshangae. Askari amezoea kuamriwa, na yule bwana alisema kwa sauti ya mtu anayeamrisha.

Alipofika nyumbani, mkewe Semeni alikuwa akipepeta maharage. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Baba, ulipokwenda vitani ulimtuma nani?"

"Nilikwenda mwenyewe."

"Basi," alisema Semeni, akaendelea kupepeta.

Swali hilo liliingia kwenye sikio zima na halikutoka.

Siku ya kupimwa, daktari aliyekuja alikuwa mwanajeshi, Meja Tausi Mapunda, mwanamke mwenye macho yasiyopepesa. Wateja wa Kibasa walikuwa kumi na mmoja. Kibasa mwenyewe aliketi mbele, vijitabu vyao vyote mapajani, kama kuku aliyelalia mayai ya wengine.

Wa kwanza akaingia akichechemea. Wa pili akachechemea. Wa tatu alikuwa Koplo Mhavile, aliyepoteza vidole viwili vya mkono vitani. Naye akachechemea, lakini kwa wasiwasi akasahau upande, akaanza na mguu wa kulia, akamalizia na wa kushoto.

Kikoti, aliyekuwa kwenye benchi, akaona aibu ikimpanda kama moto wa mabua. Wanaume hawa walikwenda mpakani kwa hatua moja, vumbi likawaogopa. Leo wanachechemea kwa hatua moja, na aliyewafundisha hajawahi hata kuvaa buti.

Meja akafunua karatasi alizojaza Kibasa, moja baada ya nyingine. "Watu kumi na mmoja, na wote mguu wa kushoto? Maneno yale yale, mpaka nukta?" Akaweka kalamu chini. "Nikiyapeleka haya, majina yenu yatafutwa, na mtaitwa waongo mpaka kaburini."

"Afande, hawa wazee hawajui kujieleza," Kibasa akadakia. "Mimi ndiye..."

Kikoti akasimama. "Afande, naomba ruhusa."

"Sema, Sajini."

Aligeuka kuwatazama wenzake, akavuta pumzi, na sauti ambayo haikuwa imetoka kwa miaka mingi ikatoka: "Gwaride! Mguuu... sawa!"

Visigino vya wenzake kumi vikagonga sakafu kwa mshindo mmoja. Hakuna mgongo uliopinda. Hakuna mguu uliochechemea.

"Afande," alisema Kikoti, "miguu yetu mizima, umeiona. Tulidanganywa, nasi tukakubali kudanganya. Ukitufuta, tufute. Lakini utufute kwa majeraha yetu wenyewe. Mimi ni sikio la kulia. Mhavile, onyesha mkono!"

Mhavile akainua mkono wenye vidole vitatu, juu kama bendera. Mwingine akafungua shati, mwingine akavua kofia. Chumba kizima kikawa makovu, na hakuna mawili yaliyofanana.

Kibasa akaruka. "Mna mkataba! Madole yenu haya hapa!"

"Dole ulilipata kwa uongo," alisema Kikoti. "Kovu nililipata mwenyewe, na nitalisema mwenyewe. Kovu halina dalali!"

Meja akachana zile karatasi kumi na moja, akatoa fomu mpya. "Hizi ni za bure, na tangu mwanzo zilikuwa za bure. Dirisha halijawahi kumwuliza mtu wakala wake. Na wewe bwana, rudisha vijitabu vya watu, kisha ukae hapo hapo. Polisi wanakuja kuusoma huo mkataba wako."

Kisha akasogeza kiti chake upande wa kushoto wa Kikoti. "Haya, Sajini. Nieleze habari za sikio."

Jioni ile walirudi wakiimba njia nzima, vijitabu mifukoni:

*Kovu langu nalijua, dalali hakulipata,*
*Vitani nilipokuwa, yeye hakunifuata.*

Semeni aliwasikia kabla hajawaona. Akaweka ungo chini, akatoka mlangoni, akapiga kigelegele.

Basi mtu akija na viatu vinavyong'aa akikwambia kwamba haki yako haisikiki mpaka isemwe kwa mdomo wake, simama mguu sawa, umtazame usoni, umjibu kama fundi cherehani: kovu halina dalali.